Ngoma Isiyo na Jina: Meru, Embu na Muziki wa Filamu, 1935–1986

Utangulizi

Mwaka 1967 mtunzi wa muziki wa Kiingereza, John Barry, alitunukiwa tuzo mbili za Oscar kwa kazi yake katika filamu ya Born Free: moja kwa muziki wa filamu nzima, na ya pili, pamoja na mtunzi wa maneno Don Black, kwa wimbo wake mkuu ulioimbwa na Matt Monro. Filamu hiyo, iliyotolewa mwaka 1966, ilitokana na kitabu cha Joy Adamson cha mwaka 1960. Inasimulia maisha ya Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na mumewe George, akafunzwa kuwinda, kisha akarudishwa porini Meru. Huko ndiko alikokufa mwezi Januari 1961, na huko ndiko alikozikwa. Yamkini hakuna simulizi nyingine iliyolifikisha jina la Meru mbali zaidi kuliko hii.

Hata hivyo, mtu akifumba macho na kuisikiliza filamu hiyo badala ya kuitazama, hataisikia Meru. Atasikia okestra ya Kizungu, na hapa na pale vyombo vya kugongwa vilivyotiwa ili kumkumbusha kwamba yuko Afrika. Wapigaji ngoma wa Chuka, waliojulikana nchini Kenya kote kwa ustadi wao, hawamo. Waimbaji wa Kiembu, Kimbeere na Kitharaka hawamo.

Makala haya yanakusudia kuichunguza hali hiyo kihistoria. Hoja yake ni kwamba swali la msingi mintarafu muziki wa filamu uliochanganya tamaduni si kama ngoma ya Kiafrika inasikika au haisikiki. Swali ni: inasikika kama nini? Kama kazi ya msanii mwenye jina, au kama sauti ya mazingira, mfano wa mvua na milio ya ndege? Mifano itachukuliwa kutoka filamu zilizopigwa au kuwekwa Afrika Mashariki kati ya mwaka 1935 na 1985, na itapimwa kwa mizani ya sanaa ya ngoma ya Meru na Embu.

Ngoma ya Chuka kama mfumo wa mseto

Kabla ya kuzitazama filamu, ni vema kuieleza sanaa ambayo filamu hizo ziliipita. Wachuka wanaishi upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kati ya Waembu walio kusini na Wamwimbi na Wamuthambi walio kaskazini. Kwa sehemu kubwa ya historia ya karne ya 20 walihesabiwa katika Wilaya ya Meru. Tangu mwaka 2013 wamo katika Kaunti ya Tharaka-Nithi. Ngoma yao maarufu ni ndefu, imechongwa kwa gogo na kuwambwa ngozi, na mpigaji huibana kati ya miguu yake. Kwa namna hiyo mpigaji hawezi kutenganishwa na mchezaji. Akiinama, ngoma inainama naye. Akisonga mbele, ngoma inasonga. Mikono hutoa sauti, na mwili wote unaitafsiri sauti hiyo mbele ya watazamaji.

Jambo la pili ni kwamba ngoma hizi hazipigwi na mtu mmoja. Kundi huzipiga pamoja, kila mpigaji akiwa na sehemu yake, na uzuri wa jumla unatokana na namna sehemu hizo zinavyojibizana. Hakuna sehemu iliyo pambo la nyingine. Tayari hapa pana nadharia ya mseto: sauti mbalimbali zinakutana bila yoyote kugeuzwa mandhari ya mwenzake.

Vivyo hivyo, nyimbo za eneo hili zimefungamana na wakati na tukio. Kirarire ya Wameru, kwa mfano, ni ya mkesha wa jando. Haiwezi kueleweka kikamilifu nje ya usiku huo, nje ya vijana wanaongojea kisu na jamaa zao wanaowatia moyo au kuwasuta. Utafiti wa H. S. K. Mwaniki juu ya nyimbo na ngoma za Waembu, na ule wa Ciarunji Chesaina juu ya fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere uliochapishwa mwaka 1997, umesaidia kuonyesha kwamba nyimbo hizi zina aina zake, wenyewe wake na wakati wake.

Sifa hizi mbili, yaani umoja wa sauti na mwili, na umoja wa wimbo na tukio, ndizo zinazogongana na tabia ya filamu. Filamu ya sauti hutengenezwa kwa kutenganisha. Picha hupigwa mahali pamoja, muziki hurekodiwa kwingine, kisha viwili hivyo huunganishwa na mtu wa tatu. Katika kutenganisha huko ndimo jina la msanii linamopotelea.

Kutoka Sanders of the River hadi Mogambo

Mfano wa mapema ulio mashuhuri ni Sanders of the River, filamu ya Kiingereza iliyoongozwa na Zoltan Korda na kutolewa mwaka 1935. Kikundi cha wapiga picha kilitumwa Afrika, kikarudi na picha za ngoma pamoja na rekodi za nyimbo. Lakini muziki wa filamu uliandikwa na Mischa Spoliansky, mtunzi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa amejijengea jina Berlin kabla ya kuhamia London, nao ukaimbwa na Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito ya kusisimua. Miongoni mwa Waafrika waliokodiwa London kuigiza katika sehemu ndogo alikuwamo Jomo Kenyatta. Filamu ilipokamilika iligeuka kuwa sifa kwa utawala wa kikoloni, na Robeson mwenyewe akaikana.

Funzo la Sanders of the River ni la kiufundi na la kisiasa kwa pamoja. Kiufundi, filamu ilithibitisha kwamba rekodi za Afrika zaweza kuwa malighafi, kama pamba au katani, ambayo thamani yake inapatikana ikishafanyiwa kazi Ulaya. Kisiasa, ilithibitisha kwamba sauti ya Mwafrika ikishatiwa katika simulizi ya mtu mwingine yaweza kutumiwa kumtetea yule anayemtawala.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mtindo ulibadilika. King Solomon's Mines ya mwaka 1950, iliyopigwa kwa sehemu kubwa katika Afrika Mashariki, iliachana na desturi ya kuandikiwa muziki wa okestra, ikategemea nyimbo na ngoma za Kiafrika. John Ford alifuata njia hiyo hiyo katika Mogambo ya mwaka 1953. Filamu hii ilikwenda hatua moja mbele: orodha ya majina ya walioshiriki iliyataja makabila, wakiwamo Wasamburu wa Kenya, Wahaya wa Tanganyika na Wagenia wa Kongo.

Hapana shaka kwamba kutajwa huko kulikuwa maendeleo. Walakini kunapaswa kuhakikiwa. Katika orodha hiyo hiyo mwigizaji anatajwa kwa jina lake, mpiga picha kwa jina lake, na mshona mavazi kwa jina lake. Mwafrika anatajwa kwa kabila lake. Kabila halina sahihi, halitii mkataba, halidai malipo ya kazi yake filamu ikionyeshwa tena. Kumtaja msanii kwa kabila ni kukiri kwamba muziki una asili na papo hapo kukana kwamba una mtunzi au mwigizaji.

Wakati wenyewe nao una maana yake. Upigaji wa picha za Mogambo katika Afrika Mashariki ulianza mwishoni mwa mwaka 1952, punde tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba. Katika miaka iliyofuata Waembu na Wameru waliunganishwa na Wakikuyu katika kundi moja la kiutawala, wakawekewa vipande vya kusafiria, wakahamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na wakaamriwa kutotoka nje usiku. Sanaa inayohitaji mkesha na mkusanyiko wa watu haiwezi kustawi chini ya amri kama hizo. Kwa hiyo, katika kipindi kile kile ambapo ngoma ya Kiafrika ilikuwa ikitafutwa kwa ajili ya ukumbi wa sinema, ngoma ya kijijini huko Embu na Meru ilikuwa ikitazamwa kwa jicho la askari. Aidha, filamu zilizotungwa juu ya vita vya Mau Mau, kama Simba ya mwaka 1955 na Something of Value ya mwaka 1957, ziliwaonyesha watazamaji wa Ulaya na Marekani nchi ambayo usiku wake ulikuwa wa hofu. Kirarire nayo ni ya usiku, lakini usiku wake ni wa kumwingiza kijana katika utu uzima. Maana hizi mbili za usiku hazikupata kukutana katika filamu yoyote ya wakati huo.

Born Free: nchi bila sauti yake

Mtu angetarajia kwamba filamu iliyofuata uhuru wa mwaka 1963 ingekuwa na sikio jipya. Kwa upande wa muziki Born Free ilirudi nyuma hata kuliko Mogambo. Picha zake zilipigwa hasa karibu na Naro Moru, upande wa magharibi wa Mlima Kenya, ilhali Meru ya Elsa iko mashariki yake. Muziki wake uliandikwa na Barry, aliyekwisha kujulikana kwa filamu za James Bond. Ni muziki mzuri. Wimbo mkuu unapanda polepole kama jua juu ya nyika, na haistaajabishi kwamba ulipendwa dunia nzima. Uhakiki wa haki hauna budi kuukubali uzuri huo kwanza, kisha uulize unafanya kazi gani.

Kazi yake ni kuijaza nchi hisia za mgeni. Wimbo huo unaimba juu ya uhuru, na uhuru unaozungumziwa ni wa mnyama. Wananchi wanaopakana na hifadhi yenyewe, yaani Watharaka, Waigembe na Watigania, walikuwa wamepata uhuru wao wa kisiasa miaka mitatu tu kabla ya filamu kutoka, baada ya vita vilivyowagusa kwa karibu. Katika filamu iliyotolewa mwaka 1966 na kubeba neno uhuru katika jina lake, ukimya juu ya uhuru huo mwingine unasikika kwa nguvu. Simba amepewa wimbo. Jirani wa simba hakupewa hata mdundo.

Huenda ikadaiwa kwamba hadithi ya simba haihitaji ngoma ya Chuka. Dai hili lingekuwa na uzito iwapo filamu isingetumia vyombo vya kugongwa hata kidogo. Lakini inavitumia, na inavitumia ili mtazamaji aitambue Afrika. Kwa maneno mengine, filamu ilihitaji ngoma. Haikumhitaji mpigaji ngoma. Henry Mancini alikuwa amefanya jambo linalofanana na hilo katika Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa Tanganyika, alipovitia vyombo vya Kiafrika ndani ya muziki wake mwepesi. Chombo kilisafiri hadi studio. Mwenye kukijua alibaki nyumbani.

Kwamba njia nyingine iliwezekana kunathibitishwa na mfano wa Kongo. Mwaka 1958 kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, iliyoanzishwa Kamina na padri Guido Haazen, ilirekodi Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Kikongo. Miaka kumi baadaye mwongozaji Lindsay Anderson aliitumia sehemu ya rekodi hiyo katika filamu ya If...., inayohusu uasi katika shule ya bweni Uingereza. Hapo muziki wa Kiafrika haukuwa rangi ya mandhari, maana hapakuwa na mandhari ya Afrika. Ulikuwa sauti ya kiu ya kijana wa Kiingereza, ukatoka katika sahani ya santuri iliyojulikana kwa jina la kwaya yake.

Meru na Embu zilikuwa na mseto wa namna hiyo pia. Wamisheni wa Kianglikana huko Kigari, Wamethodisti huko Kaaga, Wapresbiteri huko Chogoria na mapadri wa Konsolata walikuwa wameleta nyimbo za sauti nne. Mwanzoni wengi wao waliikataza ngoma. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, mlango ulifunguliwa kwa ngoma na kayamba kuingia katika ibada za Kikatoliki. Mseto huo ulifanywa na wenyeji wenyewe, kwa masikio yao, kwa haja zao. Born Free ilitengenezwa katika miaka hiyo hiyo.

Out of Africa na jina moja

Karibu miaka ishirini baadaye John Barry aliandika muziki wa filamu nyingine iliyowekwa Kenya, Out of Africa ya Sydney Pollack, iliyotolewa mwaka 1985. Muziki wa filamu hii unachanganya tabaka tatu: okestra ya Barry, utungo wa Mozart wa klarineti na okestra, na wimbo wa kimapokeo uitwao "Siyawe" ulioandaliwa na George Senoga-Zake.

Jina hili la mwisho linastahili kutuliwa. Senoga-Zake, mwanamuziki mzaliwa wa Uganda aliyefanya kazi yake kubwa Kenya, alikuwa mmoja wa watu watano waliopewa jukumu la kutayarisha wimbo wa taifa la Kenya mwaka 1963. Wenzake walikuwa Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wimbo wa taifa wenyewe ni mseto: kiini chake ni wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, uliopangwa kwa ajili ya bendi na kwaya. Kwa hiyo aliyeandaa wimbo wa kimapokeo katika Out of Africa hakuwa mtu aliyeokotwa njiani. Alikuwa mtaalamu aliyeshiriki kuamua taifa lijisikie vipi. Hapa, tofauti na Mogambo, Mwafrika ametajwa kwa jina lake.

Pamoja na hayo, filamu yenyewe inaipunguza nguvu hatua hiyo. Katika tukio moja mashuhuri, mhusika Denys anawawekea nyani gramafoni inayocheza Mozart, kisha anastaajabu kwamba viumbe hao hawajapata kusikia sauti iliyotengenezwa na mwanadamu. Tukio ni la kuchekesha na lina upole wake. Lakini kauli hiyo haiwezi kuachwa ipite. Nyanda hizo zilikuwa na Wamaasai waimbaji, na vilima vilivyozipakana vilikuwa vya Wakikuyu. Mbele zaidi, kuuzunguka Mlima Kenya, walikuwako Waembu, Wachuka na Wameru, ambao ngoma zao zilisikika bonde hadi bonde. Anachomaanisha Denys ni kwamba sauti ya mwanadamu huanza na santuri. Muziki wa filamu umepangwa kwa kufuata imani hiyo: Mozart ni utamaduni, okestra ni hisia, na wimbo wa Kiafrika ni mahali.

Mwaka 1986

Mwezi Machi 1986 Barry alipokea tuzo ya Oscar kwa muziki wa Out of Africa. Mwaka huo huo, huko Nairobi, vilichapishwa vitabu viwili ambavyo havikupata shangwe kama hiyo. Kimoja kilikuwa cha Senoga-Zake mwenyewe juu ya muziki wa kimapokeo wa Kenya. Cha pili kilikuwa cha Mwaniki juu ya nyimbo na ngoma za Waembu. Mwaka huo huo pia Sao Gamba alitoa Kolormask, mojawapo ya filamu ndefu za mwanzo kutengenezwa na Mkenya.

Mambo haya matatu hayakupangwa yatokee pamoja, lakini yakisomwa pamoja yanaonyesha mahali ambapo historia ilikuwa imefika. Filamu ya kigeni ilikuwa na fedha na vyumba vya kurekodia. Watafiti wa nyumbani walikuwa na orodha ya nyimbo, maana zake na mahali pake. Watengenezaji filamu wa nyumbani walikuwa wakianza kusimama. Kilichokosekana ni daraja kati yao. Mwito uliotolewa na Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968, wa kuiweka fasihi simulizi katikati ya masomo ya fasihi, ulikuwa umezaa matunda darasani. Haukuwa umefika kwenye meza ya mhariri wa filamu.

Kwa upande mwingine, ngoma ya Chuka ilikuwa imepata makao mengine. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, iliileta ngoma ya mikoani mbele ya watalii na wanafunzi Nairobi. Huko mwili na sauti havikutenganishwa, japo tukio lilibadilika: mkesha uligeuka onyesho la alasiri. Hasara ipo, ila ni hasara ndogo kuliko ile ya filamu, kwani mtazamaji wa Bomas anamwona aliyepiga.

Hitimisho

Historia hii ya nusu karne inaonyesha hatua nne. Katika Sanders of the River muziki wa Kiafrika ulikuwa malighafi. Katika Mogambo ulipewa jina la kabila. Katika Born Free ulitoweka, ukaacha kivuli cha mdundo. Katika Out of Africa ulipata mwandalizi mwenye jina, lakini ndani ya simulizi isiyoamini kwamba una historia. Hatua hizi hazikupanda mfululizo, na hakuna sababu ya kudhani kwamba muda peke yake utaleta haki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inayolinda maarifa asilia na semi za kitamaduni imezipa jamii msingi wa kudai idhini na malipo. Hata hivyo, sheria hulinda kilichotambuliwa, na kutambua ni kazi ya uhakiki.

Kwa sababu hiyo, wanafunzi wa fasihi wanaoihakiki filamu kwa kuangalia wahusika, maudhui na picha tu wanaacha nusu ya kazi. Hawana budi kuuliza pia ni nani anayepiga, amerekodiwa wapi, ametajwa vipi, na sauti yake imewekwa chini ya picha ya nani. Ngoma ya Chuka inatoa kipimo kilicho tayari: mseto wa kweli ni ule ambao kila sehemu inasikika na kila mpigaji anaonekana. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Katika filamu zilizojadiliwa hapa, aliyetuzwa mara kwa mara alikuwa mgeni, na ngoma aliyoichukua ilikuwa na wenyewe.